Msiba Ulioketi Uani Kwetu

Watu wa rika langu wakikutana, hasa ule mwezi wa kumi unapofika na redio zikaanza kurudia hotuba za zamani, huulizana: wewe ulikuwa wapi siku Mzee alipofariki? Wanamzungumzia kiongozi wa kwanza wa nchi yetu. Kila mtu ana jibu lake. Mmoja alikuwa darasani, mwingine alikuwa machungani, mwingine anaapa kwamba mbwa wao alibweka tangu alfajiri, na mimi sina ugomvi na mbwa wa watu. Ikifika zamu yangu nasema tu, "Nilikuwa nyumbani, Mungaa," kisha nawahi kuuliza kama chai imeiva. Si kwamba nimesahau. Nakumbuka sana, ila ninachokumbuka hakilingani na wanachokumbuka wenzangu, na mpaka leo, mtu mzima mwenye nyumba yangu hapa Utemini, Singida mjini, siwezi kusema bila kusita kwamba siku zile nilimlilia nani.

Nilikuwa darasa la kwanza. Baba alikuwa mchuuzi wa kuku. Alizunguka vijijini akinunua kuku mmoja mmoja kwa maneno mengi, akawajaza kwenye matenga, akadandia lori mpaka Dar es Salaam, ambako watu wanasema kuku wa Singida ana utamu wake. Safari ile alikuwa amechelewa. Mama hakusema kitu, lakini alitoka mara kwa mara kuangalia njia kwa kisingizio cha kumwaga maji machafu, na nyumba yetu haikuwa na maji machafu mengi kiasi hicho. Bibi, mama yake baba, aliyekuwa akiishi nasi, alimwona na akanyamaza. Mimi nilidhani watu wazima wakinyamaza hawana la kusema.

Kuku hao ndio waliotuletea redio. Ilikuwa ndogo, imefungwa mpira kwa nyuma kwa sababu kifuniko cha betri kilikwisha kupotea, na ndiyo pekee iliyokuwa ikifanya kazi kitongojini. Katekista naye alikuwa na yake, lakini ilikuwa imeharibika siku nyingi. Aliiweka mezani kwa heshima ya chumba. Kwa hiyo aliyetaka habari za dunia alikuja kwetu, akakaribishwa kigoda, akasikiliza, akaenda zake.

Siku yenyewe nilikuwa nimetumwa maji. Mwezi wa kumi kwetu maji hayachotwi, yanangojewa. Unakaa pembeni ya shimo, unayasubiri yajikusanye chini, unateka kata moja, unasubiri tena. Niliondoka asubuhi, na wakati redio inatangaza, mimi nilikuwa nimeinamia shimo nikiyasihi maji. Kilichotokea nyumbani nilikuja kusimuliwa miaka mingi baadaye. Mama alikuwa anapepeta mtama na redio ikiwa dirishani. Tangazo likasomwa. Mama akaweka ungo chini, akamwita jirani, jirani akamwita mwenzake, na muda si muda ua ukajaa watu waliotaka kusikia kwa masikio yao. Wakasikia mara moja tu, maana betri zilikuwa za tangu mavuno. Redio ikakoroma, ikanyamaza. Bibi akazitoa betri akazipanga juu ya paa la tembe zipigwe na jua, kama tulivyozoea kufanya ili zipate nguvu kidogo. Watu hawakuondoka. Wakakaa chini kuzisubiri betri.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na sijui nimlaumu nani, kwa sababu hakuna aliyekosea. Kwetu watu wakikaa chini uani mwa mtu, kimya, mchana wa kazi, jambo hilo lina jina moja tu. Aliyepita njiani akaona, akarudi kwake kuchukua unga. Msibani huendi mikono mitupu. Mwingine akaona mwenzake amebeba unga, akakata kuni. Wanaume waliokuwa wakisafisha mashamba kungojea mvua wakaweka majembe begani wakaja, kwa kuwa pakiwa na msiba jembe halilimi. Hata waliojua vizuri kwamba aliyekufa ni Mzee, na kwamba kwao ni mbali sana, upande wa ziwa, walileta kuni kwetu. Wangezipeleka wapi? Msiba lazima uwe na nyumba, na nyumba iliyopokea habari ilikuwa yetu.

Ndipo nikatokea mimi na dumu langu kichwani.

Nilichokiona kwanza ni miguu, miguu mingi iliyonyooshwa mkekani. Kisha nikamwona mama katikati ya wanawake, kanga kaivuta mpaka kwenye paji la uso, analia. Mwanamke mmoja alikuwa amemshika bega akimwambia, "Jikaze, mama. Kazi ya Mungu haina makosa." Mwingine akainuka, akaja kunitua dumu. Hilo ndilo lililonitisha. Tangu nianze kubeba maji hakuna mtu mzima aliyewahi kunitua dumu bila kunikaripia kwa kuchelewa. Na nilikuwa nimewahi kuona mtoto akitendewa upole wa namna ile: mwaka uliotangulia, kwa jirani, baba yao alipokufa. Watoto wale walituliwa kila kitu, wakaitwa "mwanangu" na watu ambao jana yake waliwaita watundu.

Nikaangalia huku na huku. Bibi alikuwepo. Mdogo wangu alikuwepo, mgongoni mwa jirani. Mama alikuwepo, analia. Baba hakuwepo. Nikajumlisha, na jibu nikalipata palepale, wima, maji yakinitiririka shingoni.

Sikulia wakati ule. Nilikwenda nyuma ya zizi la mbuzi nikakaa, nikawa najaribu kuukumbuka uso wa baba, na nikashindwa. Ulikuja mkono wake tu, unaoingia kwenye tenga na kutoka na kuku kichwa chini. Nilikasirika sana. Nilimkasirikia baba kwa kufa, na nikamkasirikia kwa kutoacha uso.

Mtu ataniuliza, na nimeulizwa na mume wangu kwa kicheko: betri zilipopata nguvu redio ikasema tena, hukusikia jina la aliyekufa? Nilisikia. Shuleni kwetu picha yake ilikuwa ukutani juu ya ubao, na nilijua ni mtu mkubwa. Nilielewa kabisa kwamba Mzee wa kwenye picha amekufa. Lakini yeye ana kwao, nikawaza, na kwao ndiko watakakopeleka unga. Sisi tumeletewa unga wetu, kwa hiyo na sisi tuna maiti wetu. Walikuwa wawili, wamekufa kwa pamoja, na watu walikuwa wakimtaja yule mkubwa kwa sauti ili sisi watoto tusijue habari za yule mdogo. Hesabu hii sijaona kosa lake mpaka leo. Kwetu mtoto haambiwi kifo. Anaambiwa akacheze, na anajijulia mwenyewe siku ya kunyolewa.

Nilijaribu kuuliza mara moja. Bibi alikuwa amepiga magoti anapuliza moto chini ya sufuria kubwa la kuazima, moshi umemjaa machoni. Nikamwambia, "Bibi, baba anarudi lini?"

Aliacha kupuliza. Alinitazama kitambo, kisha akatazama njia. Alinijibu kwa Kinyaturu, kama alivyozungumza nasi siku zote, kwa sababu Kiswahili cha redio alikiona ni cha watu wenye haraka.

"Hilo usimuulize mama yako," alisema. "Umenisikia? Kalete kuni."

Nilileta kuni. Ningefanya nini? Nilikuwa nimekwisha kujibiwa.

Juzijuzi nilipokwenda Mungaa nilimuuliza mama, tukiwa tunachambua mlenda, alikuwa anamlilia nani siku ile. Alichambua majani mengi kabla ya kujibu. "Nilianza kwa Mzee," akasema. "Nilikuwa nampenda, alituunganisha. Halafu wenzangu wakalia, nikalia nao. Halafu baba yako hajarudi, njia nzima ya Dar es Salaam ina malori na mashimo, na mimi siwezi kumlilia mtu aliye hai, ni mkosi. Basi nikayaunganisha humohumo." Akanitazama. "Msibani mtu halii jambo moja, mwanangu. Ulikuwa hujui?" Nilikuwa sijui. Kama ningejua, labda ningepunguza hofu, au labda ningeiongeza, siwezi kusema.

Shule ilifungwa, ikafunguliwa, tukaambiwa tuje na kitambaa cheusi. Kwetu hakikuwepo. Bibi akachana pindo la sketi yake ya zamani, akanifunga mkononi. Tulipangwa mstari mbele ya bendera iliyoteremshwa nusu mlingoti, wazazi nyuma yetu, na mwenyekiti wa kijiji akasimama kuzungumza. Alizungumza juu ya ukombozi, umoja na elimu, mambo mazuri, lakini marefu. Mimi nilikuwa natazama bendera. Nilidhani wameishusha ili iwe karibu na sisi wadogo. Kisha mwenyekiti akasema, "Leo sisi sote ni yatima," na mimi, niliyekuwa nimebana kilio tangu nyuma ya zizi, kikanitoka.

Kilitoka chote. Nililia mpaka nikakaa chini kwenye vumbi. Watoto wenzangu wakanigeukia, wengine wakaanza kucheka, wakapigwa makofi na mwalimu. Mwenyekiti akakatiza hotuba. Akanijia, akaninyanyua, akanisimamisha juu ya meza palepale mbele ya watu wote, mkono wake juu ya kichwa changu.

"Mtazameni mtoto huyu," alisema, na sauti yake ilitetemeka kweli. "Hajawahi kumwona Mzee hata siku moja. Hajawahi kumsikia. Lakini tazameni jinsi anavyomlilia. Huu ndio uzalendo. Sisi watu wazima tumesimama hapa macho makavu, na mtoto mdogo anatufundisha."

Baada ya hapo watu wazima nao wakalia. Kusema kweli ulikuwa msiba mzuri, ule wa shuleni. Watu wanauzungumzia mpaka leo. Walipotawanyika mwenyekiti alinipeleka dukani akaninunulia soda. Chupa nzima, yangu peke yangu, wakati nyumbani soda ilikuwa ya Krismasi na tuligawana kwa kikombe. Niliinywa nikiwa bado na kwikwi. Ilikuwa tamu, na niliona aibu kwamba ni tamu. Nikawaza kwamba ndivyo wanavyofanyiwa waliofiwa na baba, wanapewa soda, na kwamba ningeirudisha sasa hivi kama ingewezekana. Kisha nikaimaliza.

Ile sifa ilinifuata miaka. Hata nilipokuwa sekondari, wazee walinionyesha kwa kidole, huyo ndiye aliyemlilia Mzee. Nilizoea kuinamisha kichwa kwa adabu. Mtu akikusifu kwa jambo ambalo hukulitenda, na huwezi kulikana bila kueleza uchungu wako wote, unafanyaje?

Matanga yalikaa kwetu mpaka Mzee alipozikwa huko kwao na redio ikalisema hilo. Watu wakaanza kuaga. Hapo ndipo bibi alipoleta neno la wembe.

Nilikuwa nimejilaza karibu na mlango wa tembe na wao walidhani nimelala, mchana ule wa joto. Bibi alisema matanga yamekaa kwenye ua huu, unga umeliwa hapa, machozi yamemwagika hapa, kwa hiyo lazima yaondolewe hapa kama inavyostahili. Watu wa nyumba wanyolewe.

"Tunyoe nywele, mama?" mama aliuliza. "Kwa ajili ya Mzee? Ndugu zake watanyoa kwao. Watu watatucheka."

"Wacheke. Mimi sikuwaita. Lakini msiba haukai kwenye ua wa mtu kisha ukaachwa wazi, hauna maiti, hauna kaburi, hauna mwenyewe. Msiba wa namna hiyo unaanza kumtafuta mwenyewe." Bibi akaongeza kwa sauti ya chini zaidi, "Na katika nyumba hii, aliye njiani ni mmoja."

Nilifumbua jicho kidogo nikamwona mama anavua kilemba. Alipiga magoti mbele ya mama mkwe wake, akainamisha kichwa.

Leo naelewa kwamba mwanamke yule alikuwa anamkomboa mumewe. Nywele zake zilikuwa nzuri, alizisuka vizuri kila Jumapili, na alizitoa ili njia ya lori iwe salama. Lakini mimi nilisikia maneno kama mtoto anavyosikia, kipande huku na kipande kule, hauna maiti, hauna kaburi, nikaelewa kwamba mwili wa baba haukupatikana. Bibi alipoita, "Njoo na wewe," nilikwenda bila ubishi. Wembe ulikuwa baridi, na maji ya sabuni yaliniingia masikioni. Mdogo wangu alipiga kelele kama mbuzi. Mimi nilitulia. Nilikuwa nimeshajua, na sasa nilikuwa nimeambiwa rasmi.

Nywele zetu bibi alizifukia mwenyewe. Ua ukafagiwa, majivu yakatupwa, sufuria likarudishwa kwa wenyewe. Watu wakarudi mashambani. Nyumba ikawa kimya kabisa, na kila mmoja akawa anafanya kazi zake na kichwa chake kinachong'aa. Niliona ajabu kwamba mama ameacha kulia na anaimba akisaga. Nikamwona ni mwanamke mgumu sana. Nilimchukia kidogo kwa hilo, na usiku nilijibana naye zaidi, vyote kwa pamoja.

Basi mchana mmoja nilikuwa nachunga mbuzi karibu na njia, mahali penye mawe makubwa, kichwa kinaniwasha kwa jua. Nikaona mtu anakuja kutoka upande wa barabara. Amebeba matenga matupu kichwani, yamepandana, kwa hiyo uso sikuuona. Niliona mwendo. Ulikuwa mwendo wa baba, wa kuvuta mguu mmoja kidogo, na nikafikiri hivi ndivyo marehemu wanavyorudi, wanakuja na mwendo wao lakini uso hawana.

Sikukimbia. Alipofika karibu akanitambua, akaanza kutabasamu, kisha tabasamu likakatika. Akayatua matenga polepole. Alikuwa anakitazama kichwa changu.

Baadaye nilijua kilichomchelewesha. Kwanza lori lilimharibikia njiani, kisha soko likafungwa kwa maombolezo, kuku wake wakakaa, wengine wakafa kwa joto, na yeye mwenyewe alipanga foleni na umati wa watu jua zima ili apite mbele ya jeneza la Mzee. Alikuwa amemaliza kuomboleza. Alifikiri msiba ameuacha jijini, na huyu hapa binti yake kanyolewa upara, njiani, kwenye kijiji ambako watu hunyoa kwa ajili ya mtu wa nyumba yao.

"Shikamoo," nikasema. Hata kama ni mzimu, mkubwa ni mkubwa.

Hakuitikia. Midomo yake ilikuwa imekauka vumbi. Akachuchumaa ili tulingane.

"Nani?" akauliza.

Sikumwelewa.

"Bibi yako?"

Nikatikisa kichwa kukataa.

"Mama yako?" Alilisema hilo taratibu sana, kama mtu anayekanyaga mahali asipoona.

Nikatikisa kichwa.

"Mdogo wako?"

Nikatikisa kichwa. Niliona jasho limemjaa juu ya mdomo, na nikashangaa kwamba aliyekufa anatoka jasho. Hakukuwa na mwingine wa kumtaja. Nyumba ilikuwa imekwisha.

"Mwanangu, nani amekufa?"

"Wewe," nikamwambia.

Baba alikaa chini kabisa, kwenye mchanga wa njia. Hakucheka, na mpaka leo kisa hiki akikisikia hacheki. Alishika kifua chake, kisha akashika goti, kisha akaninyooshea mkono. Ulikuwa ule mkono niliokuwa nimeukumbuka nyuma ya zizi, na sasa ulikuwa na uso juu yake. Nilitaka kuushika kuliko kitu chochote nilichowahi kutaka. Lakini tulikuwa tumeshamlilia. Unga ulikuwa umeliwa, nywele zilikuwa zimefukiwa, mwenyekiti alikuwa amenipa soda nikainywa, na mimi sikujua kama mtu aliyekwisha kufanyiwa yote hayo anaruhusiwa kurudi nyumbani.

Nikamwambia angoje palepale, nikamuulize bibi kwanza.

Na yeye, aliyelijenga tembe lile kwa mikono yake, akangoja.